Mwanakondoo wa Shaba

Mwaka 1386 Mfalme Juan wa Kwanza wa Castilla alikuwa na vita mbele na hazina tupu nyuma. Agosti ya mwaka uliotangulia Wareno walikuwa wamelisambaratisha jeshi lake huko Aljubarrota. Sasa John of Gaunt, mtawala wa Lancaster, alikuwa ameshuka na askari wake bandarini La Coruña, akidai kiti cha enzi kwa haki ya mkewe Constanza, binti wa mfalme aliyeuawa na baba yake Juan. Askari hawapigani kwa ahadi. Juan akaamuru ipigwe sarafu mpya, blanka, nyeupe ya kumetameta, na juu yake akaweka picha ambayo Mkristo wa zama zile asingethubutu kuitilia shaka: mwanakondoo mwenye duara la utakatifu kichwani na bendera yake ya msalaba. Maneno ya misa, yale ya kumwomba Mwanakondoo wa Mungu anayeondoa dhambi za dunia, yanaanzia upande mmoja wa sarafu na kumalizikia upande wa pili. Huko yanaizunguka herufi Y yenye taji, ambayo ndiyo jina la mfalme kwa mkato.

Weupe ule ulikuwa wa juujuu. Ndani ilikuwa shaba. Mwaka uliofuata, kwenye baraza lililokutana Briviesca, thamani yake ilishushwa, na aliyekuwa ameuza kondoo wake wa kweli kwa kondoo wa mfalme akawa ameliwa. Vita vyenyewe vilimalizwa mwaka 1388 kwa ndoa na kwa malipo: Juan alikubali kumlipa John of Gaunt faranga 600,000 za dhahabu ili aachane na madai yake. Dhahabu ikaenda kwa adui, na raia wakabaki na mwanakondoo.

Sarafu hiyo bado inapatikana. Kila Jumapili asubuhi, chini ya matao yanayouzunguka uwanja wa Plaza Mayor mjini Madrid, wauzaji wa sarafu na stempu hutandaza bidhaa zao. Mgeni huvutwa na yale makubwa: fedha nzito iliyopigwa Mexico na Potosí, dhahabu yenye ngao za wafalme. Zile ninazozisema mimi ziko pembeni, ndani ya bahasha ndogo za karatasi au kwenye kisanduku, nyeusi, nyembamba, zimepindapinda kama magamba ya samaki. Wahispania huziita kwa jina la mchanganyiko wake, veyoni, yaani shaba nyingi iliyotiwa fedha kidogo. Wakusanyaji wengi wenye fedha za kutosha hawazigusi. Hazing'ari, maandishi hayasomeki vizuri, na ukiiweka moja mezani mbele ya wageni hakuna atakayeuliza kitu.

Kwa maoni yangu hao wakusanyaji wanakosa uhondo. Sarafu kubwa ya fedha safi inakueleza kwamba mfalme fulani alikuwa na mgodi, basi. Veyoni inakueleza alikuwa na shida gani, mwaka gani, na nani alimlipia. Ukiwa na mizani ndogo, lenzi na subira, unaweza kuzipanga mezani blanka kumi na kumfuatilia mfalme baada ya mfalme akichota mfukoni mwa watu ambao hawakuwa na namna ya kumshika mkono.

Ni vyema kuanza kiwandani, maana ujanja wote uko pale. Fedha na shaba ziliyeyushwa pamoja, zikamiminwa kuwa vipande virefu, vikafuliwa hadi vikawa bapa, kisha vikakatwa kwa mkasi wa chuma. Vipande hivyo bado vilikuwa na rangi ya shaba, na hakuna ambaye angevipokea kama fedha. Kwa hiyo vilipitishwa motoni hadi shaba ya juu ikaungua na kuwa nyeusi, halafu vikachemshwa kwenye maji yenye chumvi na ule ukoko mchachu unaoganda ndani ya mapipa ya mvinyo. Uchachu unaila shaba iliyoungua, fedha hauiwezi. Kinachobaki juu ni ngozi nyembamba ya fedha karibu tupu, yenye vitundu vidogovidogo, na kazi ya kuvifunga vitundu hivyo inafanywa na nyundo yenyewe. Muhuri wa chini umechomekwa imara kwenye gogo, wa juu umeshikwa mkononi. Kipande kinawekwa katikati, nyundo inashuka, na sarafu inatoka nyeupe pe.

Mtu wa kwanza kuipokea aliona fedha. Wa mia aliona wekundu ukichungulia, na ulianzia mahali palipoinuka zaidi: pua ya mfalme, ncha za taji, mnara wa kati wa ngome. Waingereza walimtania mfalme wao Henry VIII kwa jina la Pua ya Shaba kwa sababu hiyohiyo. Na ngozi ile bado inadanganya hadi leo. Mashine ya eksirei inayotumiwa kupima madini bila kuharibu kitu husoma sehemu ya juu tu ya sarafu, hivyo huipa fedha nyingi kuliko iliyomo kweli. Kifaa cha karne hii kinaingizwa mjini na hila iliyotungwa kwa ajili ya muuza nyama wa Burgos.

Historia ya sarafu hizi huko Castilla huanza na ushindi. Mwaka 1085 Alfonso wa Sita aliitwaa Toledo kutoka kwa Waislamu, na kutoka mji huo tunazo sarafu zake ziitwazo dinero: msalaba na jina la mfalme upande mmoja, jina la Toledo na nyota mbili na vijiduara viwili upande wa pili. Ni kitu kidogo cha kushikwa kwa ncha za vidole. Karne hiyohiyo ya kumi na moja watawala wa pwani yetu nao walikuwa wakipiga sarafu za fedha ndogo zaidi ya hizo; zaidi ya 2,000 zilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984. Hakuna anayesema Toledo na Pemba zilijuana. Lakini msomaji aliyewahi kuona sarafu za Kilwa, ambazo maandishi ya upande mmoja hupatana vina na ya upande wa pili, hatashangaa kuona Wakastilla wakigawa sala moja juu ya nyuso mbili za sarafu.

Ubora wa fedha waliupima kwa kipimo kilichochukua jina la sarafu. Fedha safi kabisa ilihesabiwa kuwa dinero 12, na kila dinero ilikuwa na punje 24. Yaani punje 288 ndiyo fedha isiyo na doa. Huko Valencia, Jaume wa Kwanza wa Aragón alianzisha mwaka 1247 sarafu ya dinero tatu, robo fedha na robo tatu shaba. Robo fedha kwa veyoni ni heshima kubwa. Castilla ilianza si mbali na hapo, ikashuka, ikapandishwa, ikashuka tena, na mwisho wa karne ya kumi na tano ilikuwa inahesabu kwa punje.

Wananchi hawakuwa wajinga. Walijua mfalme akibanwa ataikimbilia sarafu, na ndiyo maana Castilla ilikuwa na kodi ambayo kila nikiifikiria naikuta ina vituko. Kila baada ya miaka saba watu walimlipa mfalme kodi iliyoitwa moneda forera, na chimbuko lake lilikuwa kwamba mfalme hataivuruga sarafu. Walimlipa ili asiwaibie. Aragón nayo ilikuwa na kodi ya namna hiyo. Mfalme akapokea, akala kiapo, na siku shida ilipobisha hodi akaivuruga sarafu vilevile.

Alfonso wa Kumi, yule msomi aliyewakusanya wanazuoni wa nyota na wa sheria, ndiye aliyeonyesha njia kwa ukubwa. Mwaka 1257 alichaguliwa na baadhi ya wakuu wa Ujerumani kuwa mfalme wa Warumi, na ndoto ya kuwa kaisari ilimgharimu miaka na mali. Mwaka 1264 Waislamu waliokuwa chini yake kusini wakaasi. Sarafu ikapunguzwa fedha, bei zikapanda, na mwaka 1268 akiwa Jerez akatoa orodha ndefu ya bei za lazima. Orodha ya namna hiyo haijawahi kushusha bei ya nguo popote. Mwanawe Sancho wa Nne aliyempindua alianza upya kwa sarafu iliyoitwa kornado, yenye kichwa cha mfalme mwenye taji na nyuma yake ngome. Hii ndiyo veyoni inayopendeza kuliko zote, kwa sababu sura ya mfalme, ingawa ni ya mistari michache tu, ina kiburi cha kijana. Mjukuu wake Alfonso wa Kumi na Moja aliendelea na noveni, ngome upande mmoja na simba upande wa pili. Kisha Enrique wa Pili, aliyemuua ndugu yake wa kambo Pedro mwaka 1369 na kumrithi, akajaza nchi veyoni mbovu ili kuwalipa mamluki wa Mfaransa Bertrand du Guesclin. Mwaka 1373 ikabidi azishushe sarafu zake mwenyewe hadi theluthi ya thamani.

Lakini anayetaka kuona veyoni ikiwa imekosa adabu kabisa amtafute Enrique wa Nne. Mwaka 1465 wakuu waliomwasi walitengeneza sanamu yake nje ya kuta za Ávila, wakaivua taji, wakaiangusha kutoka kitini, wakamtangaza mdogo wake Alfonso kuwa mfalme. Tangu siku hiyo nchi ilikuwa na wafalme wawili, na kila mmoja alihitaji marafiki. Enrique alikuwa na kitu cha kuwapa: haki ya kufungua kiwanda cha sarafu. Mahali palipokuwa na viwanda vya kifalme vitano au sita, waandishi wa tarehe wa zama zile wanataja viwanda 150. Hata ukikata nusu ya hesabu hiyo, bado ni wazimu. Kila bwana mwenye ngome na tanuru aligeuka mpiga sarafu, na kila mmoja alijua kwamba punje ya fedha asiyoitia ni punje yake. Wakulima mwishowe wakazikataa, wakarudi kubadilishana nafaka kwa nguo.

Sarafu za miaka ile ni karamu kwa mkusanyaji. Kuna kwatilyo, robo ya ile sarafu ya fedha iitwayo reale, ambayo juu yake mfalme ametazama mbele, macho makubwa ya duara, nywele zikianguka pande mbili za uso kama aliyechorwa na mtoto. Maandishi yanayomzunguka yanapaswa kusema kwa Kilatini kuwa yeye ni Enrique wa Nne, lakini wachongaji waliandika walivyosikia: CARTVS mahali pa QVARTVS, kwa C iliyo wazi, tena na tena, kwenye sarafu za kiwanda baada ya kiwanda. Ukiishika moja chini ya lenzi unaona na mengine. Ukingo umepasuka mahali pawili ambapo nyundo ilizidi nguvu. Sikio la mfalme liko mara mbili kwa sababu kipande kiliteleza kati ya pigo la kwanza na la pili. Chini ya ngome kuna alama ya mji, na alama ikiwa mahali palipofutika, sarafu inakuwa yatima.

Alama hizo ndizo zinazotafutwa. Burgos ilitumia B, Toledo T, Sevilla S. La Coruña iliweka kombe la baharini, lile la mahujaji wa Santiago. Segovia iliweka matao ya mfereji wake wa maji wa Kirumi. Cuenca iliweka bakuli. Mwaka 1471 Enrique alipozinduka na kutoa amri ya kufunga viwanda vya watu binafsi, ni miji hiyo sita iliyobakishwa. Blanka mpya ya mwaka huo inatambulika haraka, maana ngome na simba vimefungiwa ndani ya umbo la almasi.

Fernando na Isabel, waliomrithi Enrique, walisafisha takataka hiyo kwa amri ya Medina del Campo ya Juni 1497. Blanka yao, F yenye taji upande mmoja na Y yenye taji upande wa pili, iliwekewa punje saba za fedha kati ya zile 288. Fanya hesabu: ni chini kidogo ya asilimia mbili na nusu. Blanka 192 zilitoka kwenye uzito wa marko moja, kama gramu 230, kwa hiyo kila moja ilikuwa na gramu 1.2 hivi, na fedha iliyomo ndani yake haifiki miligramu 30. Reale moja ya fedha ilibadilishwa kwa maravedi 34, kipimo cha kuhesabia pesa, nazo ni blanka 68. Ukizikusanya hizo 68 zote unapata fedha ya gramu mbili, wakati reale yenyewe ilikuwa na zaidi ya gramu tatu. Na hayo ndiyo yalikuwa mageuzi ya waaminifu! Tofauti yake na zilizopita ni kwamba kila mtu alijua kilichomo, na kiasi cha kupigwa kiliwekewa mpaka.

Blanka hizo ziliendelea kupigwa kwa majina ya Fernando na Isabel miongo mingi baada ya wote wawili kuzikwa, jambo linalomsumbua yeyote anayetaka kuzipanga kwa miaka. Ndizo zilizomo kinywani mwa mtoto maarufu kuliko wote wa fasihi ya Kihispania. Katika Lazarillo de Tormes, riwaya isiyo na jina la mwandishi ambayo matoleo yake ya kale yanayojulikana ni ya mwaka 1554, mtoto anamwongoza ombaomba kipofu anayelipwa blanka kwa kila sala. Mtoto ameweka nusu blanka tayari mdomoni. Sadaka ikitolewa tu, anaipokea yeye, anaitupia mdomoni, na mkononi mwa kipofu inafika ile ya nusu. Kipofu anapapasa, anajua amepunjwa, hajui na nani. Sijui kama mwandishi alikusudia, lakini mtoto yule alikuwa akimfanyia bwana wake jambo ambalo wafalme walikuwa wamelifanya kwa karne tatu.

Baada ya hapo veyoni ya nyundo inakwisha vibaya. Felipe wa Tatu alitoa fedha yote kwenye sarafu ndogo, na mwaka 1602 shaba tupu ikawa ndiyo pesa ya raia. Mwaka uliofuata sarafu za zamani zilirudishwa viwandani zikagongwa namba mpya, iliyokuwa nne ikawa nane. Padre Mjesuiti Juan de Mariana, mzee wa miaka zaidi ya 70, alichapisha huko Cologne mwaka 1609 risala ya Kilatini akisema wazi kwamba mfalme si mwenye mali za raia wake, na kwamba kuipunguza sarafu bila ridhaa yao ni kodi ya kificho, ni wizi. Alikamatwa na kufungiwa kwenye nyumba ya watawa Wafransiskani mjini Madrid. Mwaka 1628 mwana wa mfalme yule, Felipe wa Nne, akapunguza thamani ya shaba hiyohiyo kwa nusu. Wapo wanaokusanya shaba zile zilizogongwa namba juu ya namba hadi hakuna kinachosomeka. Mimi nazitazama kwa heshima na kupita.

Sasa kwa anayetaka kuingia. Bei si kikwazo: noveni au blanka ya kawaida hupatikana kwa makumi machache ya yuro, na zilizokatika kwa chini ya hapo. Kikwazo ni kutambua. Mara nyingi utakuwa na theluthi ya maandishi, na kutoka herufi tano utapaswa kuamua ni Fernando yupi au Alfonso yupi. Vitabu vya Aloïss Heiss vilivyotolewa kati ya 1865 na 1869 bado vinafaa kwa michoro yake, na katalogi ya Fernando Álvarez Burgos ndiyo ambayo wauzaji wengi hunukuu namba zake. Vilevile usizisafishe. Siki, ndimu, dawa ya meno, brashi ya waya, vyote vinaondoa ile ngozi ya fedha iliyonusurika miaka 600, na chini yake utakuta shaba yenye matundu isiyotakiwa na mtu. Kutu ya kijani iliyolala, ngumu na laini kwa kuguswa, iache. Ile ya unga, ya kijani kibichi, inayorudi kila ukiipangusa, ni ugonjwa. Itenge sarafu hiyo mahali pakavu.

Kuna feki, na ziko za aina mbili. Za leo hutengenezwa kwa kumimina kwenye kalibu, na hujulikana kwa viputo vidogo na ukingo uliosuguliwa kwa tupa. Za zamani, zilizopigwa na waghushi wa zama zile wenyewe kwa shaba iliyopakwa weupe, wapo wanaozitafuta makusudi, nami nawaelewa.

La mwisho ni sheria, na hapa hakuna mzaha. Kwa Sheria ya Urithi wa Kihistoria ya Hispania ya mwaka 1985, kitu cha kale kinachofukuliwa au kuokotwa ardhini ni mali ya umma, na kitu chenye zaidi ya miaka 100 hakitoki nje ya nchi bila kibali. Miaka mingi watu wenye vyombo vya kunasa chuma wamekuwa wakitembea mashambani usiku, na sarafu ikishang'olewa bila kuandikwa ilipolala, imepoteza nusu ya habari zake: ilikuwa na zipi nyingine, ndani ya chungu au kaburi, karibu na barabara gani. Kwa hiyo nunua kwa mtu anayekupa risiti yenye jina lake na maelezo ya sarafu, na anayeweza kukuambia ilitoka katika mkusanyiko upi. Bahasha ya sarafu 30 zenye udongo mbichi, zote za mfalme mmoja, zikiuzwa kwa bei ya kutupa, iache mezani. Anza na noveni ya Alfonso wa Kumi na Moja: ngome huku, simba kule, maandishi mafupi, na zipo tele kiasi kwamba unaweza kusubiri hadi upate yenye alama ya mji inayosomeka.